Sauti ya Mwizi wa Mawingu

Profesa amefariki. Simu iliingia nikiwa kortini, nikaikata, ikaingia tena, nikajua hiyo si ya salamu. Nilipofika Bula Pesa, mtaa wetu wa zamani kule Isiolo, walikuwa wameshamzika, nikaketi na wanawake kwenye mkeka, nikapewa kikombe cha maziwa ya ngamia yenye ule moshi wa kibuyu ambao ukiuzoea ukiwa msichana, maziwa ya dukani yanakuwa maji tu. Kando yangu mjukuu wake alikuwa amelala kifudifudi na simu ya mamake, anatazama katuni ya jamaa mmoja mbaya anayeiba daraja zima la mji huku akipiga miayo. Mtoto anacheka mpaka anakohoa. Nikamuuliza, "Steringi ni nani hapo?" Akaniangalia kwa huruma. "Si ni huyu mwizi, akko." Akko, yaani nyanya! Mimi, na mvi zangu bado za kuhesabika! Lakini si hilo lililoniingia. Ni vile alivyojibu kwa urahisi. Sisi mwaka ule hatukujua kwamba mwizi anaweza kuwa steringi, shujaa wa picha. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Tulikuja kugundua sote pamoja, mchana kweupe, ndani ya banda la mabati, na mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Mambo ya nani alinizaa na kwa nini baada ya kidato cha nne niliteremshwa kutoka Meru mpaka Isiolo, nayaacha. Kila mtu ana yake na yanafanana. Nilifikia kwa anti yangu muuza miraa, tukaishi chumba kimoja katika ploti ya Mama Galgalo, mjane wa Kiborana ambaye kodi yetu ndiyo ilikuwa ngamia wake wa maziwa. Vyumba vilitazamana safu mbili, kuta za mabati, uwanja wa vumbi katikati, na mfereji mmoja uliotoa maji siku ukijisikia. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakuombea afya. Upande wetu ulinukia githeri, ule mwingine anjera na nyama ya mbuzi, na mbele ya mlango wa Mama Ekiru kulikuwa na sufuria kubwa ya mahindi ya kuchemsha, aliyokwenda kuuza stendi. Mama Ekiru alikuwa Mturkana, mrefu, mtu wa maneno machache sana. Angeweza kukaa nawe asubuhi nzima mkipukuchua mahindi na useme umeongea na mtu. Kila Ijumaa Mama Galgalo alikaanga buni za kahawa na maganda yake kwenye samli, akapitisha bakuli mlango kwa mlango, na kila mtu, Mwislamu na Mkristo, akachukua chache akatafuna, akajipaka ile samli mikononi, akaitikia nagaa, amani. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni njugu zilizoungua. Baadaye nilikuwa nikiingoja Ijumaa kuliko Jumapili.

Ndipo akaja Mzee Halkano. Alikuwa kaka yake Mama Galgalo, na alikuwa ametoka jela asubuhi ileile, nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Wizi wa ngamia. Hilo peke yake lingepita, maana mji huu umewaona wezi wa ngamia wakizeeka na kuheshimiwa. Shida ni kwamba ngamia walikuwa wa boma la Mama Ekiru. Halkano na wenzake waliwavamia upande wa Burat wakaondoka na kundi zima, na mume wa Mama Ekiru akakaa kwenye kigoda chake akiangalia zizi tupu mpaka akafa, bila ugonjwa wenye jina. Hivyo ndivyo yule mama alivyokuja kuuza mahindi mjini. Na sasa aliyemwibia alikuwa amepewa chumba cha mwisho, milango michache kutoka kwake. Kule Biliqo, kwao, walikuwa wamemwambia asirudi kuwaletea polisi. Hakuwa na pengine.

Mabati hayafichi kitu, kwa hivyo nilisikia yote. Nilisikia Kirimi, fundi wa viatu, ambaye alipenda kutusemea hata tusipomtuma, akimwambia mwenye ploti, "Mama Galgalo, sisi tumeongea. Ni huyu ama ni sisi. Mwezi ukiisha tumpate hapa, tunahama wote." Nilimsikia Mama Galgalo akilia. "Nimpeleke wapi, Kirimi? Nimtupe kwa laga, kwa mto mkavu? Alifungwa akamaliza! Mnataka nini tena?" Kirimi akasema, "Uliza Mama Ekiru kama yeye amemaliza." Lakini Mama Ekiru mwenyewe hakusema lolote. Ijumaa ile bakuli la buni lilipofika kwake, alifunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Hilo lilituogopesha kuliko matusi. Tangu siku hiyo watu walipokuwa mferejini na Mzee Halkano akatokea na mtungi wake, walinyamaza, wakamwacha achote, wakasubiri aende. Alikuwa mwembamba, mwenye mgongo wa kuinama, na sauti yenye mikwaruzo ambayo ilianza kila sentensi kwa "sikiza basi," kisha ikanyamaza kidogo kana kwamba inaomba ruhusa. Mimi nilimwogopa. Sitasema uongo. Nilikuwa napita mbele ya mlango wake mbio.

Chumba chake kilipakana na banda la video. Banda lilikuwa la Huqa, huyu aliyezikwa, aliyejiita Profesa ingawa shule aliiona kwa mbali. Runinga moja, deki, spika kubwa iliyofungwa kwa kamba, mabenchi, na yeye pembeni na maikrofoni akitafsiri kila picha kwa Kiswahili cha Isiolo kilichochanganywa na Kiborana, Kisomali, Kimeru na chochote kilichokuwa karibu. Watu hawakuja kuona picha. Walikuja kumsikia Profesa. Askari wa Hong Kong aliongea kama chifu wetu, tajiri wa Amerika aliongea kama mwenye duka la jumla, na mtu akitambua sauti ya jirani yake, benchi zima linaanguka. Na alikuwa na sheria: steringi hafi, na jambazi lazima apewe sauti ya mtu ambaye mji umemkasirikia wiki hiyo. Ilikuwa ndiyo adhabu yetu. Mwenye bucha aliyetuuzia nyama mbaya aliwahi kuuawa na makomando kwa siku tatu mfululizo, na nyama ikawa nzuri.

Lakini Profesa alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwahi kutazama picha mpaka mwisho kabla ya kuionyesha. Anaangalia mwanzo, anajua steringi ni huyu, jambazi ni yule, wataonana, watapigana, basi. Zingine anajaza mwenyewe. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni pale na miraa ya anti, Kizungu cha shule bado kiko moto kichwani, na nilikuwa nikisikia picha mbili kwa wakati mmoja, ile ya Wazungu na ile ya Profesa. Mara nyingi ya Profesa ilikuwa nzuri zaidi.

Siku hiyo alileta katuni. Wazee walinung'unika, katuni ni ya watoto, lakini Profesa akawaambia, "Tulieni. Leo mtaona mwizi." Mwizi mwenyewe alikuwa kijitu cha miguu ya kuku na koti linaloburura chini, na mashine yake ilikuwa na mdomo mpana kama ule wa kumwagia mahindi kinuni. Aliielekeza juu, ikafyonza wingu, akalitia chupani, akaandika jina, akaliweka kwenye rafu. Rafu na rafu za mawingu! Huko chini watu wanaangalia juu, ardhi inapasuka, ng'ombe wanalala. Wachoraji wa ile picha sidhani walifikiria kwamba itafika mahali ambapo kuiba mvua si mchezo wa watoto. Mzee mmoja nyuma alisema, "Huyo hata mungu wake hamtaki." Kisha mwizi akafungua kinywa, na Profesa akakwaruza koo na kusema, "Sikiza basi..."

Banda lililipuka. Kila mtu alijua ni nani. Watu walipigana mabega, Kirimi alisimama juu ya benchi akapiga makofi, "Ni yeye! Profesa, ni yeye kabisa!" Na mimi, nikiwa mlangoni, nilisikia nyuma ya ukuta wa mabati mtu akikohoa mara moja. Mzee Halkano alikuwa kule ndani. Alikuwa akisikia kila neno. Nilifikiri, basi, imekwisha; mwezi hautahitaji kuisha, huyu mtu ataondoka leo.

Ndipo katika picha mlango wa chuma wa mwizi ukagongwa. Ajuza mmoja, amepotea, akili imemtoka, anamtafuta mwanawe. Akamwona mwizi na kumkumbatia. Profesa, ambaye hapo ndipo alipokuwa amefika katika kutazama kwake, akasema kwa sauti ya Mzee Halkano, "Sikiza basi, nyanya, leo nitakukata shingo." Lakini kwenye runinga mwizi alikuwa anamtafutia kiti. Profesa akakohoa. "Anamkalisha... ili amkate vizuri." Mwizi akampikia uji. "Ametia sumu!" Mwizi akaupuliza upoe, akauonja mwenyewe kwanza kama haumchomi. Sasa watoto wa benchi la mbele wakageuka wote. "Profesa, unadanganya!" "Profesa, yeye ndiye steringi!" Mtu mzima akafoka, "Steringi gani anaiba mvua?" na mwingine, "Wewe angalia tu, si unaona?" Wakagombana hivyo, na picha inaendelea, na Profesa, jasho linamtiririka, hakuwa na la kufanya ila kuifuata. Hangeweza kubadilisha sauti katikati; watu wangemla mzima. Kwa hivyo kijitu kile kilimfunika ajuza blanketi kwa sauti ya Halkano. Kilimwimbia kwa sauti ya Halkano. Na wale wanaume wenye mashavu yaliyojaa miraa, watu ambao nimewaona wakicheka mtu akivunjika mguu, walikuwa wameacha kutafuna. Nilitazama nyuso zao katika ule mwanga wa misumari, maana jua la alasiri lilikuwa linapenya kwenye matundu ya mabati na kuwawekea madoa ya dhahabu usoni, na nikajua naona kitu ambacho sitakiona mara mbili. Walikuwa wanampenda. Walikuwa wanaipenda sauti ambayo asubuhi ile walikuwa wameinyamazia mferejini.

Nikahisi mtu kando yangu. Mama Ekiru alikuwa ameacha mahindi yake akaja kusimama mlangoni. Hajawahi. Akaniuliza polepole, "Huyo mtu amefanya nini?" Nikamwambia, "Ameiba mawingu yote, mama." "Na hawa wanalilia yeye?" Nikasema ndiyo. Akaangalia kidogo tena, akarudi kwa sufuria yake. Picha ilipokwisha watoto walinizunguka uwanjani wakitaka kujua yule ajuza alisema nini hasa, kwa Kizungu chenyewe, kwa sababu Profesa mwishoni alikuwa amechanganyikiwa, na mimi nikawaeleza kwa sauti, neno kwa neno, nimeegemea ukuta wa chumba cha mwisho bila kufikiri.

Kesho yake watu walijaa hata kabla ya saa kuiona picha ileile, wameleta wake zao. Profesa ndiyo kwanza anapuliza maikrofoni, na mlangoni akasimama Mzee Halkano. Nimeingia mahakamani miaka mingi tangu hapo na sijasikia kimya kama kile. Alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele. "Salaam aleikum," akasema, na ni wachache waliojibu. "Sikiza basi, Huqa. Jana umetumia sauti yangu, hukuniuliza." Profesa alikuwa ameshika maikrofoni kama mtu aliyeshika nyoka. "Mzee, ilikuwa ni mchezo tu." "Mimi sikukasirika. Leo hiyo kazi nipe mimi." "Lakini, Mzee, hujui Kizungu." Halkano akageuka, akaninyoshea mkono. "Huyu msichana anajua. Nimemsikia kwa ukuta. Ataniambia kwa sikio, mimi nitasema." Niliangalia anti yangu. Anti akaninong'oneza, "Nenda, usituletee maneno." Nikaenda.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ninayofanya mpaka leo. Watu kortini huniuliza nilisomea wapi ukalimani, ninawaambia Bula Pesa, wanadhani ni chuo. Niliketi kwenye debe kando ya mtu niliyemwogopa, mdomo karibu na sikio lake, nikimpa maneno, na yeye akiyatoa upande wa pili yakiwa na uzito ambao mimi sikuyatia. Nilisema, "Ondoka nyumbani kwangu." Yeye akasema, "Sikiza basi, nyanya. Hapa si mahali pa mtu mzuri." Nilisema, "Mimi si mwanao." Yeye akasema, "Mama, yule unamtafuta, mimi si yeye." Ilikuwa ileile na haikuwa ileile. Sikujua kwamba lugha inaweza kumpitia mtu ikamfungua hivyo, na tangu siku hiyo sijawahi kudharau neno hata dogo. Watu walicheka panapochekesha, na alikuwa anachekesha, wallahi, hata Profesa alikuwa chini anashika mbavu. Kwenye benchi la mbele, katikati ya watoto, alikuwa ameketi Mama Ekiru, mikono magotini. Sikumwona alipoingia.

Tukafika pale ambapo mwizi anatoka nje na kusimama mbele ya watu ambao mvua yao aliichukua. Wote wamekauka, wanamtazama. Maneno ya Kizungu pale ni machache. Nikamnong'oneza, "Nilichukua mimi. Nisameheni." Mzee Halkano akasema, "Nilichukua mimi." Nikangoja amalizie. Hakumalizia. Picha ikasonga mbele, nikamnong'oneza yanayofuata, akainua mkono kunizuia. Kisha akasema ndani ya maikrofoni, sauti ileile, hajaongeza wala kupunguza:

"Nilichukua ile nyekundu ya shingo fupi. Nilichukua ile nyeusi, ilikuwa na mimba. Nilichukua dume ya kubeba maji, ile ilikuwa na alama ya moto hapa kwa paja. Niliwachukua wote na mwenyewe nilimwona. Alikuwa amesimama na fimbo na mimi nilikuwa na bunduki. Huyo mwanaume aliniangalia tu."

Kwenye runinga mvua ilikuwa imeanza kunyesha, chupa zinapasuka moja moja, watu wa katuni wanarukaruka na midomo wazi, na hakuna aliyekuwa anawasemea. Niliogopa hata kugeuza shingo. Mama Ekiru akasema kutoka benchi lake, bila kusimama, kwa Kiswahili chake cha pole:

"Na ile ya sikio moja?"

"Hiyo ilikataa," Mzee Halkano akasema. "Tulifika njia ya Garbatulla, ikalala chini, inaangalia nyuma mahali tumetoka. Wenzangu walitaka kuchinja. Mimi nikakataa, nikasema wacha itarudi kwao. Nikaiacha hapo na mtoto yake. Sikuwahi kujua kama ilirudi."

"Haikurudi," Mama Ekiru akasema.

Alikuwa anatazama mvua ya kwenye runinga, si Mzee Halkano. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Halkano alikuwa ameinamisha kichwa mpaka maikrofoni ikagusa paji la uso wake ikalia tii kwenye spika. Mimi nilitaka kumshika mkono na sikuthubutu. Hata watoto hawakujikuna. Halafu yule mama akavuta pumzi ndefu kupitia puani na kusema, kwa ukali kidogo, kama anavyowakemea wateja wanaochagua mahindi kwa vidole, "Sasa mbona umenyamaza? Sema picha. Watoto wanangoja."

Akasema picha. Alisema mpaka mwisho, na mimi nikimpa maneno.

Tulipotoka nje jua lilikuwa bado kali. Watu hawakutawanyika, walisimama uwanjani wakijipangusa vumbi ambalo halikuwepo, kila mmoja akingoja mwingine aseme. Kirimi ndiye aliyejikaza, akamfuata Mama Ekiru hadi mlangoni pake. "Mama," akasema, "mwezi ndio huo unaisha. Sasa huyu mtu, tumwambie mwenye ploti nini?"

Mama Ekiru alifunua sufuria yake, akaangalia mahindi, akafunika. Alijifunga leso upya kiunoni.

"Mwambie huyo mzee atengeneze hiyo mlango yake," akasema. "Upepo ukikuja inagonga tu, inagonga tu. Mimi silali."

Kesho yake, adhana ya alfajiri haijatulia vizuri, ploti nzima iliamshwa na nyundo.